Dar: vuli ya 2023 iligoma kuisha mpaka ikakutana na masika. Misimu imehama au ni mwaka tu?

KopoLaMvua (Tabata)

Wakuu habari za jioni. Mi nakaa Tabata na huu ni mwaka wa saba napima mvua nyuma ya nyumba. Nilianza na chupa ya maji ya lita moja na nusu, nikaikata mabegani, kile kichwa nikakigeuza kikawa faneli, chini nikamimina saruji kidogo ili pawe flati maana kitako cha chupa kina vinundu, alafu rula nikaibandika pembeni kwa gundi. Mpaka leo ndo natumia hiyo hiyo staili. Daftari ninalo, kila siku ina namba yake, hata kama haijanyesha naandika sifuri.

Sasa kilichonifanya nifungue huu uzi ni hiki. Sisi tuliokulia hapa Dar tunajua mwaka ulivyo: mwisho wa Oktoba vuli inabisha hodi, Desemba inaaga, Januari na Februari ni kiangazi kile cha kulala madirisha wazi na bado shuka linalowa jasho, Machi katikati masika, Aprili ndo yenyewe, Mei inakata, Juni tunatoa masweta. Daftari langu la msimu huu uliopita halisemi hivyo kabisa. Vuli ya 2023 ilikuja ikakolea Novemba, Desemba ikaendelea, nikasema ngoja sikukuu zipite itakata. Haikukata. Januari 2024 nilishazoea ukurasa wake uwe wa masifuri mtupu, nikakuta ukurasa umejaa namba, siku nyingine kubwa kuliko za Aprili za miaka ya nyuma. Februari ikapumua kidogo, Machi masika hayo hapo, Aprili mji ukawa kama umewekwa ndani ya beseni, na tulipodhani yamekwisha ikaja tarehe 4 Mei na kimbunga Hidaya.

Niwaambie kitu kimoja kinachonisumbua. Asubuhi moja ya Aprili nilitoka na tochi saa kumi na moja na nusu, bado inadondoka dondoka, nikakuta maji yameshapita mwisho wa rula yamefika kwenye shingo ya faneli na majani mawili ya mwarobaini yanaelea juu. Sikuwa na namba ya kuandika, nikaandika "limejaa". Iliniuma sana, kwa sababu pengine ile ndo siku ya mvua kubwa kuliko zote tangu nianze na ndo siku pekee isiyo na kipimo.

Swali langu: misimu imehama, au ule ulikuwa mwaka wa El Nino tu na mambo yatarudi? Na naomba mwenye kumbukumbu aje na mwezi na mwaka, zile za "zamani mvua zilikuwa zinajua wakati wake" tumezisikia sana.

BahariJoto

Mkuu kwanza hongera kwa daftari, miaka saba bila kuruka siku si mchezo.

Nianze na El Nino maana hapa mjini imekuwa jina la mafuriko yoyote tangu ile ya 1997 na 1998, ikinyesha siku mbili mtu anakwambia elnino hiyo. El Nino yenyewe ni maji ya Pasifiki kupata joto kuliko kawaida, mbali sana na sisi. Kwa vuli yetu jirani mwenye nguvu zaidi ni Bahari ya Hindi hii hii tunayoogelea. Kuna kitu wataalamu wanaita dipoli ya Bahari ya Hindi, yaani huku kwetu upande wa Afrika maji yanapata joto kuliko kawaida na kule Sumatra yanapoa. Ikiwa hivyo pepo zinasukuma unyevu kuja huku, hewa inapanda juu ya pwani yetu, mawingu yanajengeka, tunaloa. Ikigeuka, joto likawa kule na baridi huku, wanaloa wao sisi tunakauka.

Sasa angalia miaka. 1997 vyote viwili vilikuwepo, El Nino kubwa na dipoli kubwa, na kila mtu mzima anakumbuka. 2015 El Nino ilikuwa kubwa sana, watu tukatishika, lakini vuli yake haikufika hata karibu na ile ya 1997. 2019 huwezi hata kusema kulikuwa na El Nino ya maana, ila dipoli ilikuwa kali na Afrika Mashariki nzima ilioga. 2016 dipoli iligeuka, vuli ikawa ya kubahatisha. Alafu 2021 na 2022 nadhani hakuna mtu wa Dar aliyesahau, vuli ilichelewa ikawa hafifu, mto Ruvu ukashuka tukaingia mgao wa maji, watu tunazunguka na madumu.

2023 vyote viwili vilirudi kwa pamoja. Kwa kawaida dipoli inakufa Desemba Januari pepo zikishageuka, lakini joto la maji haliondoki kwa siku moja, na bahari yenye joto mbele ya mlango wako Januari maana yake ndo hiyo uliyoiona kwenye ukurasa wako. Kwa hiyo mi jibu langu, huo ulikuwa mwaka, msimu haujahama.

MtotoWaKigogo

Umeomba mwezi na mwaka, nakupa na tarehe: 20 Desemba 2011. Mamlaka ya Hali ya Hewa walisema haijawahi kunyesha vile tangu 1954. Watu kama 40 walikufa, familia za bondeni zikapelekwa Mabwepande. Nyumbani kwetu Kigogo ukutani sebuleni kuna mstari wa tope ambao mama alikataa upakwe rangi, unanifika mimi kifuani na mimi si mfupi.

Sasa BahariJoto umeeleza vizuri sana na nimejifunza, lakini naomba uongeze kitu kimoja maana watu wa bondeni tunasoma hapa. 2011 ulikuwa mwaka wa La Nina, kinyume cha El Nino, maji ya Pasifiki yakiwa yamepoa. Yaani kwa hesabu za El Nino ule ulitakiwa uwe mwaka wa ukame. Mvua ya siku mbili inaweza kuja mwaka wowote ule ikamaliza watu, haisubiri Pasifiki. Nina jirani aliuza mchanga wa kujazia mifuko mwaka aliosikia kwenye redio kwamba hakuna El Nino, maji yakamkuta hana hata mfuko mmoja mlangoni.

Kingine ambacho kopo la Tabata haliwezi kukuonesha. Sisi kwetu mafuriko mengi yanakuja hewa ikiwa kavu kabisa. Mto Msimbazi unaanzia huko milima ya Pugu na Kisarawe, unapita Vingunguti, unapita kwetu, Jangwani, alafu daraja la Salenda baharini. Inanyesha Pugu usiku, huku watoto wanacheza mpira, baadae unasikia ule mvumo na harufu ya tope, ukichungulia maji ya rangi ya chai ya maziwa yanakuja na magodoro. Na ikiwa ni siku za bamvua, yaani bahari inapojaa sana, mwezi mpevu au mwandamo, bahari inajaa saa kumi kumi hivi alfajiri na jioni, basi mto unafika Salenda unakuta mlango umefungwa, unarudi nyuma kwetu. Mvua ile ile ikija siku za maji mafu, bahari inapojaa kidogo, inapita tu. Kwa hiyo mkuu kwenye daftari lako ongeza safu ya mwezi, nakuomba.

Mwana wa Tanga Mbili (Unguja)

Asalaam aleikum wenzangu wa bara na wa mrima. Mie baba yangu alikuwa nahodha wa majahazi, si msomi wa mambo ya hali ya hewa, lakini nataka kusema kuhusu hilo neno "misimu imehama".

Wazee wetu hawakuwa wakihesabu masika kwa Machi wala Aprili. Walihesabu kwa upepo. Kaskazi ikivuma ndio vyombo vinashuka kutoka Arabuni, kusi ikivuma ndio vinarudi, na katikati yake kuna tanga mbili, pale upepo haujui wende wapi, leo huku kesho kule, maleleji. Masika ni pale kaskazi inapokata na kusi haijashika. Baadae inakuja kipupwe na mvua ndogo ya mchoo. Na siku zilihesabiwa kutoka Nairuzi, mwaka mpya wa kizamani wa Waswahili, kwa miongo, siku kumi kumi, nahodha anajua mwongo gani haondoki mtu bandarini. Kwa hiyo mzee alikuwa akikwambia masika yamechelewa alikuwa akimaanisha kusi imechelewa kushika, kitu cha kuonekana kwa macho. Nakuuliza nduguyangu wa Tabata, katika daftari lako upepo umo? Maana mvua ya Januari iliyokuja na kaskazi na mvua ya Aprili ya tanga mbili si ndugu hata kama kopo limejaa sawa sawa.

Halafu kuhusu Hidaya. Watu wengi walisema haijawahi kutokea. Imetokea. Aprili ya 1872 kimbunga kilipiga Unguja hapa kikang'oa mikarafuu karibu yote, Pemba ikasalimika, na hiyo ni sababu moja kubwa kwa nini karafuu leo ni Pemba. Lindi walipigwa Aprili ya 1952. Ila ni nadra kwa kuwa sisi tupo karibu na ikweta na kimbunga ili kizunguke kinahitaji kuwa mbali kidogo nayo. Jobo ya Aprili 2021 ilitutisha ikafika imeishiwa nguvu. Hidaya ilifika kweli Mafia, boti za Dar na Unguja zikasimama, barabara ya kwenda Lindi ikakatika Somanga, na kabla mwezi haujaisha ikapita Ialy huko juu upande wa Kenya na Somalia. Vimbunga viwili mwezi mmoja, Mei, mwezi ambao mabaharia wa Kusini wanahesabu msimu umekwisha. Hilo ndilo lililonishughulisha mie kuliko Januari yako.

Saa Tatu Kamili

Nimewahi kufanya kazi kwenye kituo cha kupimia, nichangie ya kiufundi.

Kwanza kopo kujaa. Chukua ndoo yenye mfuniko, toboa mfuniko, chupa yako ikae ndani na faneli itokeze juu na iwe imebana vizuri. Chupa ikifurika maji yanaingia kwenye ndoo hayapotei. Asubuhi unasoma chupa, unaimwaga, unarudishia yale ya ndoo ndani ya chupa unasoma tena, unajumlisha. Vipimo vya vituoni vinafanya hivyo hivyo. Usingepoteza ile siku ya Aprili.

Pili muda. Vituo vyetu vinasoma saa tatu asubuhi. Wewe ukisoma saa kumi na mbili kabla ya kazini hamna shida ili mradi iwe kila siku muda ule ule, na kumbuka maji ya asubuhi ni ya jana, iandikie tarehe ya jana au andika wazi. Watu wengi wanagombana kuhusu siku ya mvua kumbe wote wako sahihi.

Tatu, na hili naomba usikasirike, miaka saba haitoshi kusema msimu umehama. Wastani unaotumika duniani ni wa miaka 30, sa hivi ni 1991 mpaka 2020. Miaka yako saba ina La Nina mfululizo katikati na El Nino mwishoni, yaani ni kavu alafu mafuriko, ukichora mstari hapo utapanda kama ngazi na utakudanganya. Lakini usiache. Jiji hili ni kubwa na vituo vya kudumu ni vichache, mvua ya uwanja wa ndege si mvua ya Mbezi wala ya Tabata.

KopoLaMvua (Tabata)

Nimesoma yote mara mbili. Asanteni sana, Saa Tatu sijakasirika kabisa, ndoo nanunua kesho.

Mwana wa Tanga Mbili, upepo sikuwa naandika, umenigusa sana hapo. Kitu pekee nilichonacho ni maneno pembeni, kuna mahali Januari nimeandika "imetoka upande wa bahari", kuna mahali Aprili nimeandika "nguo zimeanguka kambani", basi. Kuanzia leo safu mbili zinaongezeka, upepo na mwezi.

MtotoWaKigogo, pole kwa yale ya 2011, na mstari wa mama usipakwe rangi. Nimeangalia daftari baada ya kusoma maneno yako, kuna siku mbili Aprili ambazo barabara ya Jangwani ilifungwa kwa mafuriko na mimi nimeandika milimita chache tu. Nilikuwa nadhani nimekosea kusoma. Kumbe maji yalitoka juu. Kuna mtu humu anakaa Pugu?

Kajiungeni

Mi niko Pugu Kajiungeni, huwa nasoma tu sichangii. Chupa nimeshaikata hapa, saruji ipo, ila kiwanja changu kina mwembe mmoja mkubwa katikati na nyumba upande wa pili, niiweke wapi?

Saa Tatu Kamili

Mbali na mwembe mara mbili ya urefu wake, na nyumba hivyo hivyo. Ukikosa nafasi hiyo, tafuta sehemu ambayo ukisimama unaona mbingu nyingi kuliko kote, na usiihamishe tena. Na faneli ikae juu ya ardhi kidogo tope lisirukie ndani.

MtotoWaKigogo

Kajiungeni nakuomba namba zako usiku usiku hata kama ni saa nane. Nimekutumia ujumbe binafsi.