Wazaliwa wa Dar, mkiulizwa "kwenu wapi" mnajibuje? Tupeane uzoefu

Habari zenu wakuu. Nimezaliwa Magomeni, nimesoma Magomeni, hata mke nimempata hukohuko. Lakini nikisema kwetu Dar, mtu anacheka: "Sawa, ila kwenu kabisa?" Basi nataja Songea, ambako huwa naenda kwa misiba tu na mpaka wa shamba letu siujui. Kule Kota tulikocheza gololi nyumba zilivunjwa, yakaja maghorofa yaliyozinduliwa 2022. Dar haina mwenyewe, au nakosea?

Mtoto wa Pwani: Haina mwenyewe? Sisi Wazaramo tumekuwa kivuli? Babu alikuwa na shamba la minazi Mbagala. Kiwanja kimoja kikauzwa kwa harusi ya shangazi, kingine kwa matibabu, vilivyobaki warithi wakagombania mpaka vikaisha. Sasa kuna fremu za vifaa vya ujenzi, na mnazi mmoja umebaki nyuma ya choo cha wapangaji. Desemba mkifunga mabegi, sisi ndio tunawalindia nyumba.

Mrombo: Mimi hizo kelele za stendi ya Magufuli mwisho wa mwaka nazipenda, nauli ipande isipande. Kihambani kwetu, yaani shamba la ukoo kule Rombo, baba kalala pembeni ya migomba, na nyumba niliyojenga hukaa imefungwa karibu mwaka mzima. Wife anasema ni kutupa hela. Yeye wa Temeke, na keshaniambia akitangulia azikwe huku huku, asipandishwe mlima. Wazee wa ukoo hawajasikia hilo, na mimi sitakuwa wa kuwaambia 😅

Dada K: Kwetu ni ninapolipa kodi. Tusichoshane.

Msimbazi: Sisi mafuriko ya Desemba 2011 yalitutoa bondeni, tukapelekwa viwanja Mabwepande. Hewa safi, maji hayaingii ndani, sina la kulalamika. Sema bi mkubwa hajahama. Mwili uko Mabwepande, kikoba kiko Kigogo, fundi wake wa nguo yuko Kigogo, na akiumwa anataka dawa ya duka lile lile la zamani. Anaamka alfajiri, anabadili magari, anarudi usiku miguu imevimba. Nikamwambia mama, vikoba hata huku vipo. Akaniuliza: "Huko kwenye kikoba chenu nikifiwa, nani atakuja kupika?"