Kwa nini filamu hurudiwa mara kadhaa kisha ikatoweka?

Swali

Ndugu zangu, ninafuatilia kwa makini ratiba za chaneli za filamu, na kuna jambo linalonitatiza. Filamu nzuri huonyeshwa mara tatu au nne ndani ya majuma machache, kisha haionekani tena, na baada ya miezi kadhaa huibukia kwenye chaneli nyingine. Je, chaneli ikishainunua filamu haiwi mali yake?

Jibu la kwanza

Haiwi, ndugu yangu, kwa sababu chaneli hainunui filamu bali hulipia haki ya kuirusha. Mkataba hutaja nchi, lugha, tarehe ya kuanza na ya kumalizika, na pia idadi ya mara ambazo filamu itarushwa. Mikataba mingi huhesabu onyesho la usiku pamoja na marudio ya kesho yake kuwa mara moja, na ndiyo maana marudio hufuatana kwa karibu. Mara hizo zikiisha, hata kama muda umebaki, filamu haiwezi kurushwa tena bila malipo mapya. Kwa desturi filamu hutangulia kwenye majumba ya sinema, ikafuata kwenye chaneli za kulipia, na chaneli zisizolipiwa huipata baadaye.

Jibu la pili

Naomba kuongeza kwamba wasambazaji hupenda kuuza filamu kwa mafungu, yaani ile inayogombaniwa hufungwa pamoja na nyingine ambazo hakuna aliyeziulizia. Mwaka 1962 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi iliyohusu kampuni ya Loew's, ilikataza kuzilazimisha stesheni kuchukua fungu zima ili zipate filamu moja, lakini ununuzi wa mafungu kwa makubaliano unaendelea. Filamu za kujazia hupangwa usiku wa manane, na nasikitika kwamba kazi nyingi bora za zamani huishia huko.

Jibu la tatu

Mfano wa kinyume ni *It's a Wonderful Life* ya mwaka 1946. Hakimiliki yake haikuhuishwa mwaka 1974, hivyo stesheni za Marekani zikawa zinairusha zitakavyo kila msimu wa Krismasi, hata kwa siku moja kwenye chaneli kadhaa. Mwaka 1993 kampuni ya Republic Pictures ilidai haki kupitia hakimiliki za hadithi iliyozaa filamu hiyo na za muziki wake, na tangu mwaka uliofuata mtandao wa televisheni wa NBC ukapewa haki ya pekee, ukairusha mara chache tu kwa mwaka.