Vijiko vya mbao, vijiko vya mahindi, sahani za miwa kwenye sherehe: waliotumia tupeane uzoefu (Arusha na Moshi)

BintiRau
Habari za jioni wapendwa. Desemba tuna kipaimara cha mdogo wangu nyumbani Rau, wageni 200 mpaka 250, ukoo mzima unapanda kutoka Dar. Mwaka jana baada ya ubatizo niliokota vijiko vya plastiki siku mbili kwenye mfereji na chini ya migomba, na mpaka leo mvua kubwa ikipiga vinaibuka vingine. Nimewaambia nyumbani safari hii plastiki hapana. Kamati ikasema sawa, basi tafuta wewe. Nimeletewa sampuli tatu: kijiko cha mbao, kijiko cheupe ambacho muuzaji anasema kimetengenezwa na mahindi, na sahani ya makapi ya miwa. Chakula ni mtori, machalari, pilau, ndafu na kachumbari. Waliovitumia waniambie ukweli kabla sijatoa hela.

MpishiSakina
Dada, bandika maji jikoni sasa hivi, maandishi ya boksi achana nayo. Yakichemka mimina kwenye kikombe, tumbukiza hicho cha mahindi, hesabu mpaka 30, kitoe ukibonye. Utapata jibu lako.

ShangaziWaNjiro
Mwanangu umenigusa pabaya. Komunyo ya kwanza ya kijana wangu nilinunua vijiko vya mahindi, vinang'aa kama kioo, nikajisikia nimeheshimisha wageni. Mtori ulitoka jikoni saa ileile kwenye hotipoti mbili kubwa, ukifunua mvuke unakupiga usoni. Wa kwanza kuhudumiwa alikuwa baba mkwe. Bakuli mkono wa kushoto, kijiko mkono wa kulia. Akachota cha kwanza, akapuliza, akala. Akachota cha pili, akakiacha kidogo ndani ya bakuli huku anamsikiliza padri. Alipokiinua nikaona shingo ya kijiko imelegea kama ua lililokosa maji. Kikainama polepole, mtori wote ukamwagikia kwenye kifundo cha mkono, hapo hapo saa ilipo. Mtori nyote mnaujua, haudondoki kama maji, unaganda pale pale na moto wake. Mzee hakupiga kelele. Alikiweka kijiko kando ya bakuli, akajifuta kwa leso, akanywa mtori kwa ukingo wa bakuli mpaka akamaliza ili nisiaibike. Malengelenge yalimkaa zaidi ya wiki. Nilikwenda kumwomba radhi, akaniambia "yameisha mama", lakini mimi kwangu hayajaisha.

Baadaye ndipo nikaelezwa kwamba ile ni plastiki inayotokana na wanga wa mahindi au sukari ya miwa, wanaiita PLA, na ikifika nyuzi 60 hivi inalegea. Mtori wa kwenye hotipoti unapita hapo kwa mbali. Kwa aiskrimu, saladi ya matunda na keki haina shida. Kwa mtori usithubutu.

Mbuyuni_Moja
Pole sana shangazi. Mimi yalinikuta kwa supu.

KijanaUngaLtd
Samahani shangazi, lakini tusiite plastiki kitu cha mahindi. Mahindi ni mahindi, yanaoza. Watu wakisikia plastiki wanarudi kwenye vile vya zamani.

Kihamba
Mdogo wangu, hata mafuta ya petroli hayazaliwi plastiki. Ni jinsi kitu kilivyopikwa. Umoja wa Ulaya ulipopiga marufuku vijiko, uma na sahani za plastiki za kutumia mara moja, kuanzia 3 Julai 2021, hizi za mahindi ziliwekwa kapu moja na plastiki nyingine. Za mbao ziliachwa.

KijanaUngaLtd
Hapa si Ulaya. Katazo letu la 1 Juni 2019 lilikuwa la mifuko ya kubebea, vijiko havimo. Na kwenye boksi langu imeandikwa wazi kinaoza.

Kihamba
Kinaoza wapi? Hilo ndilo swali. Alama ya EN 13432, kipimo cha Ulaya cha vifungashio vinavyooza, maana yake kitaoza kwenye mtambo wa mboji wa kiwandani, unaotunza joto la nyuzi 58 hivi wiki nyingi mfululizo. Nionyeshe mtambo huo hapa kwetu. Mimi sisemi kwa kusoma tu. Baada ya kumaliza tanga ya babu Kibosho tulifukia taka zote kwenye shimo pembeni ya kihamba, tukiambiwa vyote vinaoza. Mwaka uliofuata nikachimba palepale nipande mgomba. Sahani za miwa sikuziona hata kipande, ni udongo mweusi mtupu na minyoo. Vijiko vya mbao vilikuwa vimelainika, ukikibana kidoleni kinakatika kama muhogo uliooza. Vya mahindi nilivitoa vizima. Nilikisuuza kimoja kwenye mfereji, kikang'aa, maandishi ya kiwanda yanasomeka kwenye mpini. Ninacho dirishani mpaka leo.

Mbuyuni_Moja
Piga picha utuwekee.

KijanaUngaLtd
Labda shimo lilikuwa kavu.

Kihamba
Kibosho, mgombani, mfereji unapita hatua tano. Ukavu utoke wapi?

MshengaMstaafu
Nimesoma huku mikono inatetemeka. Ninyi mnazungumzia vinavyolegea, mimi kijiko cha mbao kilikaribia kuvunja ndoa.

Ilikuwa sendoff Tengeru, nami nilikuwa mshenga upande wa kiume. Tumefika wazee 12, mahari imeshamalizwa salama, tumekaa mezani, chakula kimefika. Familia ya binti ni watu wanaojali mazingira, wamekodi mpishi mzuri, kila kitu cha mbao na miwa, kimepangwa vizuri na kitambaa. Lakini hakuna aliyetuambia. MC anapiga muziki tu. Mama wa kijana akakichukua kijiko, akakigeuza, akakiweka ulimini. Akakitoa. Akasema kwa sauti meza nzima ikasikia: "Wametuwekea vijiti vya daktari vya kukandamizia ulimi. Ng'ombe tumetoa, vijiko hawana?" Kaka yake akasukuma sahani mbele. Wa pili akasukuma. Mnajua maana ya wazee wa kiume kusukuma sahani ukweni. Muziki ukazimwa. Binti nilimwona kule mbele amekamata mkono wa dada yake, macho yamejaa. Mzee mkubwa wetu akasimama akaomba kofia yake.

ShangaziWaNjiro
Ee Mungu wangu.

Mbuyuni_Moja
Ikawaje?

DadaMajengo
Mshenga usituache hapo, nimeacha ugali jikoni.

MpishiSakina
Wakati tunasubiri: mbao ni nzuri kwa joto, hailegei, lakini lamba kimoja kabla hujanunua. Vya hovyo vina vinyuzi vinachoma mdomo, na wali unanata. Vizuri vimepigwa msasa, ukingo wa mviringo. Na uma wa mbao kwa ndafu ni kupoteza hela, meno yanakatikia kwenye nyama.

DadaMajengo
Mpishi asante, ila mwache mshenga amalize.

MshengaMstaafu
Nimerudi, simu iliisha chaji. Nilikuwa nimemshika mzee mkono, sina neno. Ndipo bibi wa binti, ambaye siku nzima hajafungua mdomo, akaomba jagi la maji ya vuguvugu na beseni. Akatembea mwenyewe na mkongojo mpaka kwenye meza yetu. Akapiga goti, mama wa umri ule, akamwambia mzee wetu: "Mkwe, kwetu mgeni mkubwa analishwa kwa mkono. Nyoosha nikunawishe." Ukumbi mzima kimya, yanasikika maji tu yanaanguka kwenye beseni. Mzee aliitazama ile mikono, akaketi. Akanawa. Akala kwa mkono, nasi wote tukanawa tukala. Mama wa kijana alilia. Leo wale vijana wana watoto wawili, na yule bibi alipofariki mzee wetu ndiye aliyefika msibani wa kwanza.

Dada wa Rau, nunua unachonunua, lakini MC atangaze kabla ya chakula: vijiko hivi ni vya mbao, tumevichagua kwa sababu ya mashamba na mifereji yetu. Sentensi moja tu. Sisi hatukuambiwa.

ShangaziWaNjiro
Bibi huyo Mungu amlaze pema.

Mbuyuni_Moja
Nimelia kwenye daladala.

Meku_Marangu
Wanangu, ndafu ilianza lini kuliwa kwa uma? Jani la mgomba, mkono, chumvi na pilipili pembeni. Mbege kwenye kata. Ukimaliza jani ng'ombe anakula.

DadaMajengo
Meku shikamoo. Ni kweli, ila mgeni wa Dar na suti yake umpe machalari kwenye jani?

Meku_Marangu
Marahaba. Huyo mpe sahani.

MpishiSakina
Kuhusu sahani za miwa: kwa machalari zinastahimili, joto hazijali. Chukua nene, ukiibonya katikati isibonyee. Ziweke mbali na unyevu kabla ya sherehe. Jingine, muulize muuzaji nini kimetiwa kuzuia mafuta. Baadhi hutiwa kemikali za jamii ya PFAS, ambazo zenyewe haziozi, na Februari 2024 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitangaza kwamba haziuzwi tena huko kwa vifungashio vya chakula. Asipojua kujibu, mwombe karatasi ya kiwanda.

KijanaUngaLtd
Miwa tunayo kiwanda cha sukari cha TPC hapo chini, kwa nini sahani zitoke nje?

Kihamba
Makapi ya TPC yanaingia kwenye boila, yanatoa umeme wa kiwanda. Hayakai bure. Ila hapo nakuunga mkono, kijana mwenye mtaji angelifikiria.

MguuMlimani
Mimi ni mpishi wa wapanda mlima. Tunapika mpaka kambi ya Barafu, Kilimanjaro, mita zaidi ya 4,600, supu moto kila siku, na kijiko cha kutupa hatuna. Kila kijiko ni cha chuma, kinahesabiwa asubuhi na jioni. Kama chuma kinapanda Barafu mgongoni kwa mtu, kinashindwaje kufika Rau kwa pikapu? Kodi, dada.

DadaMajengo
Na maji ya kuosha sahani 250 Desemba? Sisi Majengo yanatoka usiku wa manane. Msibani nilisimama kwenye beseni mpaka saa tisa usiku, mikono imekunjamana, waliokula wamelala. Ushauri wa kukodi siku zote unatoka kwa mtu asiyeosha.

MguuMlimani
Dada mimi naosha kwa barafu iliyoyeyushwa.

DadaMajengo
Basi nakuheshimu. Ila mimi siwezi.

Mbuyuni_Moja
Kila mgeni aje na kijiko chake mfukoni, tuandike kwenye kadi.

BintiRau
Wapendwa, nimechemsha maji na mama akiwa shahidi. Cha mahindi kilijikunja nilipofika 12, sikufika hata 30. Mama amekikataa papo hapo. Cha mbao kimekaa robo saa, kimevimba kidogo lakini kimenyooka. Basi tumepanga hivi: bakuli na vijiko vya chuma vya kukodi kwa mtori peke yake, 100 vinatosha kwa sababu mtori unatangulia na vinazunguka, wanaoosha tutawalipa wala hatutamwachia shangazi yeyote. Pilau na machalari sahani za miwa na kijiko cha mbao. Ndafu kwenye jani, na vijana wawili wa kunawisha wageni mezani kama bibi wa Tengeru. MC nimeshamwandikia sentensi yake.

Sasa natafuta majani. Migomba yetu upepo umeichana yote.

Meku_Marangu
Njoo Marangu na panga na mtu wa kubeba. Yakatwe alfajiri ya siku ileile. Uyapitishe juu ya moto kidogo kidogo mpaka yabadilike rangi na kung'aa, la sivyo yatapasuka ukiyakunja. Uje na kile kijiko kilichojikunja, nataka kukiona.