Elgeyo Marakwet siku tatu, tuanzie wapi?

msafiri_nakuru: Wadau habari zenu, mimi na wadogo zangu wawili tunapanga kwenda Elgeyo Marakwet Disemba, tuna gari ndogo tu. Kila mtu nikimuuliza ananiambia mji wa Iten, ona wakimbiaji, piga picha pale ukingoni mwa Bonde la Ufa, rudi Eldoret ulale. Kwani kaunti nzima ni hiyo tu? Tunapenda kutembea kwa miguu na historia pia, hasa mambo ya wazee wa zamani.

Mkeiyo_Halisi: Karibuni sana kwetu. Iten msiiruke, Alhamisi asubuhi simameni kando ya ile barabara ya vumbi muone fatleki, yale mazoezi ya mbio, kundi kubwa linapita, wanaongeza kasi wanapunguza, vumbi jekundu limewaingia mpaka kwa kope. Lakini hapo mko mita 2,400 hivi, kaunti yenyewe inashuka: juu baridi, viazi na maziwa, katikati mteremko, chini bonde la Kerio joto kali na maembe. Mkishika barabara ya Kabarnet mtapita Tambach, hapo ndipo palikuwa makao ya wilaya enzi za mkoloni. Wilaya ikagawanywa 1994 kuwa Keiyo na Marakwet, zikaungana tena 2013 ugatuzi ulipoanza. Kama magoti yako sawa teremkeni kwa miguu mpaka maporomoko ya Torok, chukueni kijana wa pale awaonyeshe njia, kupanda kurudi ndio kazi.

binti_endo: Ukitaka mambo ya wazee basi mifereji ya Marakwet. Maji yanachepushwa kutoka mito ya Cherangani kama Embobut na Arror, yanapitishwa ubavuni mwa mlima kwa mawe, matawi na udongo, penye mwamba mkali wazee walikuwa wanaweka magogo yaliyochongwa katikati ndio maji yavuke, hakuna simenti hakuna injinia, na ni mamia ya miaka hiyo na bado yanamwagilia mtama na wimbi bondeni!! Mfereji ni wa ukoo, maji ni kwa zamu, ukibomoka wanaume wa ukoo wanatoka kuurekebisha. Inaniuma sana mgeni akija kwetu akaondoka na picha ya ukingo wa Iten peke yake.

msafiri_nakuru: Asante dada, hii sikuwahi kusikia kabisa. Usalama je huko chini?

binti_endo: Swali la maana. Upande wa Tot na Chesongoch kumekuwa na shida ya wizi wa mifugo, pigieni mwenyeji simu siku hiyohiyo kabla hamjashuka. Na mvua ikiwa kubwa msikae chini ya mteremko, udongo huporomoka.

Mkeiyo_Halisi: Barabara ya Kabarnet ni lami, gari ndogo inapita. Simameni daraja la Cheploch muone vijana wakiruka kutoka juu ya mwamba mpaka ndani ya mto Kerio, wapeni kitu kidogo ila wadogo zako wasijaribu, mto una mamba. Ndovu wako hifadhi ya Rimoi, huko ingieni asubuhi mapema kabla jua halijawaka. Na jazeni mafuta Iten.