Bastola ya 1911: mbona haizeeki?

KijanaWaLangoni
Assalamu aleikum wanajamvi. Sina leseni ya silaha wala siitafuti, ni udadisi tu. Jana barazani hapa Lamu tulibishana hadi kahawa ikapoa. Mwenzangu kashikilia kwamba Colt ya 1911 ingali inaundwa, umbo lilelile. Nikamcheka. Simu ya miaka mitano tu fundi anakwambia vipuri hakuna! Nimetazama, kumbe kweli. Ni sifa za filamu au ina jambo?

FundiCherehani_Malindi
Waaleikum salaam mwanangu. Filamu zimeipigia debe, sikatai. Ila kabla ya hizi cherehani nilikuwa fundi wa silaha jeshini, na 1911 nimeifungua moja tu, ya mzee mmoja mwenye leseni, mpenda kuvua. Ilinizidi umri. Niliitandaza vipande vipande juu ya kanga kuukuu, bisibisi sikuigusa. Nikacheka peke yangu.

Sikiliza John Browning, aliyeibuni, alivyofanya. Mtutu una meno mgongoni, yanaingia kwenye mifuo ya kile chuma cha juu kinachoteleza. Ukifyatua, viwili hivyo vinarudi nyuma vimeshikana, mpaka risasi imeshatoka. Ndipo kijichuma chini ya mtutu, mfano wa pingili ya mnyororo, kinauvuta chini. Meno yanaachana, chuma cha juu kinaendelea peke yake, kinatupa ganda, springi inakirudisha na risasi nyingine. Basi! Bastola ya Ceska 75 nayo inainamisha mtutu vivyo hivyo, ila pingili hakuna, chuma cha chini ya mtutu chenyewe kimechongwa njia.

Na si maneno matupu. Kabla jeshi la Marekani halijaikubali mwaka 1911 ilipigishwa risasi 6,000. Ikichemka wanaitumbukiza majini, wanaendelea. Haikukwama. Wakakaa nayo hadi 1985.

Halafu kifyatulio chake. Vingi vinazunguka kwenye pini, hiki kinakwenda nyuma moja kwa moja, kifupi, kama kubonyeza kengele ya mlango. Wanaoshindana kulenga shabaha hawaiachi kwa sababu hiyo.

UmmuShela
Ami, kama ni nzuri hivyo mbona waliiweka kando?

FundiCherehani_Malindi
Swali la haki, mama. Ni nzito, yapita kilo moja, na magazini inachukua risasi 7. Beretta iliyoingia mahali pake ilibeba 15, tena za milimita 9 kama za washirika wao wa NATO. Hata Browning mwenyewe alikuwa ameshaanza nyingine kabla hajafa mwaka 1926. Wabelgiji wakaimaliza 1935, ikatoka na risasi 13. Hiyo nimeifungua hadi vidole vinajua njia. Lakini kifyatulio chake... aah, si kile.

KijanaWaLangoni
Nimeshindwa, kahawa ya leo juu yangu. Na kutu je, hewa yetu hii?

FundiCherehani_Malindi
Hapo inaumbuka. Chuma cha zamani na chumvi hawapatani. Ile ya mzee ilikuwa na alama ya dole gumba ubavuni, imelika kabisa, dole lake mwenyewe, kwa kuishika mikono ikiwa bado na maji ya bahari. Nilisugua kwa mafuta nusu saa nzima. Akaniambia, "Iache hiyo, ni yangu."