Mjadala: Je, muuzaji wa gari la haibridi alazimishwe kuonyesha hali ya betri?

Mwanzisha Mada (Muyeye, Malindi)
Assalamu alaykum, ndugu zangu. Nilinunua Toyota Aqua, gari la haibridi, yaani linalotumia petroli pamoja na umeme wa betri, kutoka yadi moja; mwenyewe wa kwanza hapa Kenya alilitumia Mtwapa kwa miaka minne, na kabla sijatimiza wiki tatu dashibodi ikaonyesha onyo la mfumo wa haibridi. Muuzaji ananiletea cheti cha ukaguzi kilichotoka Japani wakati gari linaingizwa nchini. Cheti hicho kilithibitisha kwamba gari linafaa barabarani na halijapita umri wa miaka 8, lakini hakisemi betri imebaki na nguvu kiasi gani leo. Je, sheria imlazimishe muuzaji kutoa vipimo vya betri kabla ya kupokea fedha?

Msafiri wa Maweni
Pole, kaka, lakini umenunua rangi, hukununua gari. Sheria ya namna hiyo itaongeza bei tu, kwa sababu muuzaji atamtwisha mnunuzi gharama ya vipimo. Isitoshe, betri hizo za lithiamu hufa zikifika miaka mitano, upime usipime.

Fundi wa Barani
Hapo nitakusahihisha, bwana. Aqua ya toleo la kwanza, lililotoka Japani mwishoni mwa 2011, ina betri ya nikeli na si ya lithiamu: vipande 20 vilivyoungwa pamoja, jumla ya volti 144. Betri hiyo haifi kwa kalenda tu, huuawa zaidi na joto. Iko chini ya kiti cha nyuma na hupozwa na feni inayovuta hewa ya ndani ya gari, kwa hiyo chujio likiziba kwa vumbi na nywele, betri hujipika yenyewe huku abiria wakifurahia kiyoyozi. Kuna wauzaji wanaofuta hitilafu kwa mashine asubuhi ya kuuza, na ndiyo maana gari liendeshwe kwa muda mrefu, lipandishwe kilima, na volti za kila fungu la vipande hivyo zisomwe likiwa linatembea. Fungu linaloporomoka kuliko wenzake ndilo bovu.

Mwana wa Amu
Naongeza jambo moja. Hewa ya chumvi hula vipande vya shaba vinavyounganisha betri, vikawa vya kijani, na gari likalalamika ilhali betri yenyewe ni nzima. Gari lililokaa pwani miaka minne likaguliwe hapo kwanza.

Msafiri wa Maweni
Ndugu yangu, kwenu Amu, kisiwani Lamu, usafiri ni punda na mashua. Haibridi uliiona wapi?

Mwana wa Amu
Niliiona Mokowe, ambako barabara inaishia na mashua zinaanzia. Nami nimetengeneza injini za mashua tangu ujana, kwa hiyo chumvi na shaba sihitaji kufundishwa na mtu wa Maweni. Na kwa kuwa umemtaja punda, nikueleze kwamba sisi hatumnunui mpaka tumfungue kinywa tumtazame meno, kwa sababu meno husema umri wake. Ninyi mnasoma kilomita kwenye dashibodi, ambazo mtu mwenye kompyuta anaweza kuzirudisha nyuma, kisha mnalipa. Nani kati yetu ameendelea?

Bi wa Shela
Msimdhalilishe punda, ndiye aliyebeba mawe ya nyumba zenu. Hata hivyo, mume wangu huenda Mombasa na kurudi kwa haibridi, na haoni nafuu kubwa ya petroli.

Fundi wa Barani
Haoni, bibi, kwa sababu haibridi hurudisha umeme inapopunguza mwendo. Faida yake iko katika simama-twende ya mjini, nyuma ya matuktuk, si katika mwendo mmoja wa barabara kuu.

Msafiri wa Maweni
Sikumdhalilisha punda. Nilisema kila mtu azungumzie chombo anachokipanda.

Mwanzisha Mada
Wazee wangu, nimeuliza habari za betri nikajibiwa punda. Hata hivyo nimemwendea Fundi, naye amenikataza kufungua mfuniko kwa mkono wangu, maana volti 144 huua. Alivaa glavu, akachomoa plagi ya usalama, akasubiri, kisha akafungua. Chujio lilikuwa limeziba kabisa kwa manyoya ya paka, na shaba mbili zilikuwa za kijani. Amesafisha, akapima mafungu yote, na yamelingana. Yadi bado haijapokea simu yangu, na swali langu la sheria liko palepale.

Mwana wa Amu
Alhamdulillahi kwa betri. Shaba imekuwa ya kijani kama nilivyosema. Sasa nasubiri bwana wa Maweni arudi katika suala la punda.