Wakuu mwezi wa tano huu silali vizuri, naombeni ushauri

Samahani uzi mrefu kidogo maana sijui nianzie wapi. Mimi kidume miaka 34, nipo Mwanza, nauza spea za pikipiki. Mwezi wa kwanza wife alijifungua mtoto akiwa ameshafariki tumboni, mimba ya miezi nane, wa kiume. Wazee wakaenda kuzika, mimi nahangaika huku hospitali, hata sura sikuiona. Watu wakaja wakasema bado vijana mtapata mwingine, mjomba akanivuta pembeni akaniambia jikaze mwenzio anakutegemea, basi nikajikaza mpaka leo.

Sasa saa tisa usiku macho kodo mpaka adhana. Dukani mteja anaomba cheni nampa breki shuu. Wife akianza habari za mtoto natoka nje najifanya napokea simu. Na kuna fundi seremala nilimpa oda ya kitanda cha mtoto, nikatanguliza laki, ilikuwa sapraizi wife hajui. Alikuwa ananipigia kila wiki "bosi kitanda kinanibania nafasi", namba yake nikaisevu USIPOKEE. Mwezi wa tatu akaacha kupiga, nikajua kashakiuza, na hilo nalo likaniuma sijui kwa nini. Nawaza kununua Valium hapo duka la dawa nilale tu. Ushauri tafadhali, matusi kaeni nayo.

Jogoo wa Kijiweni: Mwanaume mzima unalialia, gonga mbili za baridi ulale mkuu.

mtu_wa_gati: @Jogoo mimi nilifanya hivyo hivyo mzee wangu alipofariki. Unasinzia haraka kweli, alafu ikianza kuisha kichwani unaamka moyo unadunda, mawazo yaleyale plus hengova. Kazi ikaniponyoka. Usimpoteze mwenzio.

Mama Wawili: Pole sana kaka. Wangu alikuwa wa kike, 2019. Kilichoniuma baada ya mtoto ni mume wangu kunyamaza, nikaona hajali, mfiwa ni mimi tu, mwaka mzima tukawa tunaongea luku na kodi ya nyumba basi. Kumbe jumapili alikuwa anaenda makaburini peke yake, nimekuja kuambiwa na kijana wa boda. Sasa wewe unatoka nje na simu ambayo haijaita, unadhani shemeji yetu haoni?

Dada Nesi: Hiyo Valium achana nayo. Itakulaza siku chache ila kinachokuamsha hakiguswi, na mwili unaizoea haraka, kesho unataka mbili. Isitoshe ni dawa ya cheti. Miezi mitano huna usingizi, kazini hupo, hapo kujikaza kumefika mwisho mdogo wangu, nenda kliniki ya afya ya akili, Bugando ipo, na haiendwi na "vichaa" tu kama mtaani wanavyosema. Utaongea na mtu kwanza. Ukiandikiwa dawa za sonona jua zinachukua kama wiki 2 hadi 4 ndo uone tofauti, wengi wanaacha siku ya tano wanasema hazifanyi kazi. Na nikuulize bila kuzunguka, unawaza kujidhuru?

Mleta uzi: Sijapanga kitu dada. Ila kuna usiku nawaza bora nisiamke tu.

Dada Nesi: Asante kwa kusema. Basi hii siyo ya kusubiri, nenda kesho asubuhi na usiende peke yako. Leo mwambie mkeo hivyo hivyo ulivyotuandikia. Yakizidi usiku, emajensi iko wazi, usingoje kliniki.

Jogoo wa Kijiweni: Mkuu samahani, sikujua ni kubwa hivyo.

Mleta uzi: Mrejesho wakuu. Usiku ule ule niliongea, nikaanza na kitanda maana ndo niliona chepesi. Wife akakaa kimya weee, alafu akasema fundi alipoona sipokei alimfuata yeye, akamalizia hela kwenye za kikoba, kitanda kipo kwa dada yake Nyegezi kimefunikwa shuka. Alinificha eti nisiumie. Tulilia mpaka jirani akagonga ukuta. Asubuhi tukaenda wote Bugando, nina tarehe ya kurudi. Usingizi bado, jana nimeamka saa kumi. Ila yeye naye alikuwa macho.